Duara la Bikari na Duara la Kompyuta: Uhakiki wa Nakshi za Milango

Uhakiki wa sanaa katika nchi yetu umezoea kuketi na vitabu. Riwaya ikitoka huchambuliwa fani na maudhui yake. Tamthilia ikichezwa huulizwa wahusika wake wanasimama upande gani. Shairi likisomwa mizani yake huhesabiwa na vina vyake hukaguliwa. Mlango wa nakshi haukupata heshima hiyo. Umeachiwa mtunza makumbusho, ambaye kwake kila mlango wa kale ni mzuri kwa kuwa ni wa kale, na mfanyabiashara, ambaye kwake kila mlango mpya ni mzuri ikiwa umepata mnunuzi. Kati ya hao wawili hakuna anayelazimika kusema kwamba mlango fulani umechorwa vibaya, wala kueleza ubaya wake uko wapi.

Upungufu huo haukuwa na madhara makubwa wakati mafundi walipokuwa wakihakikiana wenyewe karakanani. Mwanafunzi aliyekosea ua aliambiwa papo hapo na mwalimu wake, na ubao ulioharibika ulikuwa hasara iliyoonekana kwa macho. Siku hizi milango, vitanda, makabati na hata mimbari huweza kukatwa na mashine zinazoongozwa kwa tarakimu, ambazo mafundi huzitaja kwa herufi zake, CNC. Mchoro huandaliwa kwanza katika kompyuta, kwa programu za uchoraji wa kihandisi ziitwazo CAD. Kisha hugeuzwa kuwa orodha ndefu ya amri, na mashine huzifuata amri hizo kwa utiifu ambao hakuna mwanafunzi wa ufundi aliyepata kuwa nao. Mchoraji aweza kuwa mji mmoja na seremala mji mwingine, nao wasijuane kabisa. Lile karipio la karakanani limekosa mahali pa kukaa.

Katika insha hii tutalitazama duara peke yake, pamoja na maua na mapambo yanayojengwa kwa kuzunguka kitovu kimoja. Tumelichagua kwa sababu ndilo umbo ambalo kompyuta hulitoa kwa wepesi mkubwa, na ambalo mkono uliotoa jasho jingi kulipata. Pale ambapo wepesi mpya umeingia mahali pa ugumu wa zamani, ndipo mhakiki anapopata la kupima.

Milango ya pwani ya Afrika ya Mashariki, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Bagamoyo na Unguja, huweka nakshi zake hasa katika kiunzi: mihimili miwili ya ubavuni, ubao wa juu, na mfaa unaofunika mwanya kati ya mabawa mawili ya mlango. Maua ya duara hupangwa humo yakiandamana juu ya mhimili, au moja hukaa katikati ya ubao wa juu, na mara nyingi mkufu huzunguka ukingo wa nje. Watembezaji wa wageni wana maelezo mengi juu ya maana ya mkufu, samaki na ua, na baadhi ya maelezo hayo yanaelekea kuwa yamezaliwa pamoja na biashara yenyewe ya utalii. Hatutaingia huko. Linalotushughulisha ni jinsi umbo lilivyojengwa.

Fundi alikuwa na bikari, na asipokuwa nayo, uzi na misumari miwili ilimtosha. Akiisha kupiga duara, bila kubadili upana wa bikari, aliitembeza juu ya mzingo, nayo ikarudi pale ilipoanzia kwa hatua sita kamili. Akipiga tao kutoka katika kila nukta alipata ua la petali sita. Akiugawa kila mwanya mara mbili alipata kumi na mbili. Kutoka katika mraba alipata nne, nane na kumi na sita. Birika la Husuni Kubwa huko Kilwa, la karne ya 14, lina umbo la pembe nane, na laonyesha kuwa hesabu hiyo ilijulikana kwa waashi pia. Tano hupatikana kwa ujanja zaidi. Lakini saba, tisa na kumi na moja hazipatikani kamili kwa bikari na rula, mtu afanye afanyavyo. Mfaransa Pierre Wantzel alilithibitisha jambo hilo kihisabati mwaka 1837. Mafundi wa mbao hawakumngoja, kwa kuwa bikari yenyewe ilikwisha waambia.

Yafaa tukae kidogo hapa, maana hiki kikomo cha bikari ndicho kilichoupa mlango wa zamani umoja wake. Katika ua la petali sita, umbali kutoka ncha ya petali moja hadi ncha ya jirani yake ni sawa na umbali kutoka ncha hadi kitovu. Kipimo kimoja kinatosha kwa ua zima, na fundi akiuacha upana ule ule wa bikari aweza kuutumia tena kupanga mapambo ya ukingoni. Hivyo ua na ukingo vinakuwa ndugu wa tumbo moja. Mtazamaji hahitaji kuijua hesabu hiyo. Huihisi, kama vile msikilizaji wa shairi anavyohisi mizani iliyotimia ingawa hakuhesabu silabi. Mshonaji wa kofia anaujua mtihani wa namna hii kwa njia yake: akiuzunguka ule mviringo wa juu na kufika mwisho akiwa amebakiwa na nafasi ya nusu ua, hana budi kufumua.

Wala ujuzi huo haukuwa wa seremala peke yake. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki katika miaka ya 1940, alikuwa mshairi, mwandishi wa hati na mchongaji kwa pamoja. Hati ya Kiarabu nayo ina sheria yake ya duara: katika utaratibu unaonasibishwa na Ibn Muqla wa Baghdad, wa karne ya 10, herufi hupimwa kwa duara ambalo kipenyo chake ni urefu wa alifu. Mtu aliyezoea kuandika kwa mizani ya namna hiyo hakuwa mgeni alipoushika ubao.

Mashine, kinyume cha inavyodhaniwa na wengi, nayo ilizaliwa kwa ajili ya mstari uliopinda. Mwishoni mwa miaka ya 1940 John Parsons, huko Michigan, Marekani, alikuwa akitengeneza mapanga ya helikopta, akatafuta njia ya kukokotoa nukta nyingi za mkunjo wa panga ili mashine izifuate moja baada ya nyingine. Chuo cha MIT kikaonyesha mashine ya kukata chuma inayoongozwa kwa tarakimu mwaka 1952. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, katika chuo hicho hicho, akaieleza programu yake iitwayo Sketchpad, ambayo kwayo mtu aliweza kuchora mistari na matao juu ya kioo kwa kalamu ya mwanga, na kutoa nakala nyingi za mchoro mmoja. Mchoro mkuu ukibadilishwa, nakala zote zikabadilika pamoja nao. AutoCAD ilipotoka mwaka 1982, kazi ya namna hiyo ilianza kufanyika katika kompyuta ndogo za mezani. Tunalitaja hili ili tuondoe dhana kwamba chombo hiki ni adui wa mapambo. Mlango wetu wenyewe ulijengwa kwa kukutanisha mikono ya Waswahili, Waarabu na Wahindi, na msaji wake ulivuka bahari. Chombo kipya hakiwezi kuhukumiwa kwa kosa la kutoka ng'ambo.

Tuitazame basi amri yenyewe. Mchoraji huchora petali moja. Huonyesha kitovu, hutaja idadi, hutaja digrii 360, na kabla hajapepesa macho ua zima liko mbele yake. Idadi ikiwa 12, kila petali husogea digrii 30. Ikiwa 7, husogea digrii 51 na ushei. Kwa kompyuta hakuna tofauti. Kikomo cha bikari kimeondolewa, na mchoraji amepewa uhuru ambao bikari haikumpa mtu.

Uhuru huo ndio tunaoulalamikia pale unapotumiwa bila fikira. Ua la petali saba, petali moja ikielekezwa juu, halina petali inayoelekea chini. Chini pana mwanya, na petali mbili ziko pande zake. Katika sahani au kawa hilo si kitu, kwa sababu vyombo hivyo huzungushwa mkononi. Mlango hauzungushwi. Una juu na chini, una kulia na kushoto, na ua la saba lililowekwa katikati ya ubao wa mraba huonekana kana kwamba limesimama kwa miguu miwili likiwa na kichwa kimoja. Hatusemi kwamba saba ni haramu. Msanii anayetaka ua lake lisimame namna hiyo analo la kusema, na tutamsikiliza. Tunachokikuta katika michoro mingi ni idadi iliyochaguliwa kwa kuwa tarakimu hiyo ndiyo iliyokuwa tayari katika kisanduku cha programu, au kwa kuwa ua lilionekana limejaa. Petali kumi na nne huwekwa juu ya ukingo wenye vipande kumi, na kati ya hivyo viwili hakuna nukta inayokutana isipokuwa mbili, ya juu na ya chini. Mlango wa namna hiyo una vitu vingi, nao haujapata kuwa kitu kimoja.

Lipo kosa lililo baya zaidi, ambalo bikari isingeweza kulifanya hata ingelewa. Michoro huuzwa na kununuliwa ikiwa tayari. Tuseme mchoro umeandaliwa kwa ubao wa milimita 900 kwa 2,100, na mlango wa mteja una upana wa milimita 800. Mwenye haraka huuvuta mchoro upande mmoja tu mpaka uenee. Duara la milimita 400 likabaki na kimo chake cha 400, lakini upana wake ukawa karibu 356. Hilo si duara tena, ni yai. Maua yote ya mlango huo yamebanwa mbavu, na matao yaliyokuwa yakigusana kwa upole sasa yanagusana kwa kusukumana. Fundi wa zamani alipokuta ubao mwembamba alipunguza bikari, akaongeza ukingo, au akaondoa ua moja. Alibadili mpango ili alinusuru duara. Mchoraji wa leo hulitoa duara kafara ili aunusuru mpango alioununua. Hapa fani na maudhui hukutana, kwa maana mchoro usioweza kubadilishwa na mwenye kuutumia ni mchoro asioujua, na asichokijua hawezi kukisema. Mlango wa Kiswahili unapovikwa nakshi ambayo hakuna mtu wa pwani aliyekaa akaifikiri, tunapewa sura ya utamaduni bila utamaduni wenyewe.

Mambo mengine ni ya ufundi tu, lakini msomaji asiyapuuze, kwani vina vibovu navyo ni mambo ya ufundi tu. Mashine inajua kukata tao halisi ikiwa imeambiwa kitovu na nusukipenyo. Lakini michoro mingi, ikihamishwa kutoka programu moja hadi nyingine, huvunjwa ikawa vipande vya mistari iliyonyooka. Duara la nusukipenyo cha milimita 300 likivunjwa vipande 36, katikati ya kila kipande mstari huwa umeingia ndani ya duara kwa zaidi ya milimita moja. Kidole hulihisi hilo, na jua la saa tatu asubuhi, linapopita ubavuni mwa mlango, hulitangaza. Likivunjwa vipande 360 upungufu ni kama sehemu moja ya mia ya milimita, na hakuna atakayeuona. Tofauti kati ya kazi njema na kazi mbaya, basi, ni tarakimu moja ambayo mchoraji hakujali kuiangalia.

Kadhalika ncha ya petali. Chombo cha kukatia kinachozunguka ni duara nacho. Chenye kipenyo cha milimita 6 hakiwezi kuacha kona ya ndani kali kuliko mviringo wa nusukipenyo cha milimita 3. Petali zilizochorwa kali kama mkuki hutoka butu kama kidole gumba. Kipo chombo chenye ncha ya pembe, ambacho hupanda kadiri njia inavyokuwa nyembamba, na hicho huifikia ncha. Lakini kina sharti lake. Kikiwa cha digrii 60, njia yenye upana wa milimita 10 hudai kina cha karibu milimita 8.7. Mchoraji asiyelijua sharti hilo huchora petali pana juu ya ubao mwembamba, kisha humlaumu mwendesha mashine. Anayelijua huchora petali zake ziwe nyembamba na nyingi, ama huacha milimita chache zimaliziwe kwa patasi. Tumeona kazi za namna hii ya mwisho, ambapo mashine imechimba na mkono umenoa, na tunakiri kuwa nyingine zasimama bila aibu karibu na mlango wa kale.

Hatuna budi kutoa haki pia kwa ubao. Mtu anayechonga duara huukuta mwelekeo wa nyuzi za mti ukimkubali katika robo mbili na kumkataa katika robo mbili nyingine. Mkono huhisi hivyo na kugeuza patasi. Mashine haihisi, hupita kwa mwendo ule ule na kurarua nyuzi mahali pale pale katika kila ua. Wengi wamekwepa tatizo hili kwa kuuacha mninga na msaji na kutumia mbao zilizotengenezwa kwa unga na gundi, zisizo na nyuzi za kukataa lolote. Duara hutoka safi. Lakini mbao hizo hufura zikilowa, na mlango wa pwani haujengwi ili uwekwe kabatini.

Wale wanaosema kwamba kompyuta imeua uchongaji wanasema jambo jepesi. Kuchimba mandhari ya mlango mzima kwa nyundo na patasi huvunja mgongo, na hatuoni utu wowote unaopotea mashine ikiichukua kazi hiyo. Zaidi ya hayo, uchongaji wa milango umekuwa kwa muda mrefu kazi ya wanaume, ukirithiwa karakanani. Kuketi mbele ya kompyuta hakujapata mwiko wa namna hiyo, na binti aliyesoma jiometri akafaulu aweza kuchora mkufu utakaomtoa jasho fundi mkuu. Kinachotakiwa ni kwamba awe ameshika bikari kwanza. Vyuo vya ufundi vinavyofundisha amri ya kuzungusha nakala kabla ya kufundisha kuligawa duara kwa mkono vinatoa waandishi wasiojua alfabeti, ingawa wanaweza kupiga chapa kwa kasi.

Suala hili si la wanunuzi wa makabati tu. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 na ambalo milango yake ya nakshi husifiwa sana, lilianguka sehemu yake Desemba 2020. Majengo ya aina hii yanapotengenezwa, ni wazi kwamba upimaji na uchoraji wa kompyuta una nafasi, na pengine vipande vilivyooza vitakatwa upya kwa mashine. Hapo ndipo amri tuliyoieleza inapokuwa na hatari isiyoonekana. Ua la kale lenye petali kumi na mbili lilipangwa kwa bikari, lakini kila petali ilichongwa peke yake. Moja ni nene kidogo kwa sababu palikuwa na fundo la mti. Nyingine imeinama kwa sababu fundi alihamia upande wa pili wa ubao. Mchoraji mwenye haraka huipima petali moja iliyo nzima kuliko zote, huitaja idadi, huzitaja digrii 360, na hupata ua lililo sahihi kuliko lile la asili. Likikatwa na kupachikwa mahali pake, litasemwa kuwa ni nakala ya ua la kale. Kwa kweli petali kumi na moja kati ya hizo hazikupimwa na mtu.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba katika kazi za urithi kila petali ipimwe na kuchorwa peke yake, hata kama kazi hiyo itachukua siku nzima mahali pa dakika moja, na kwamba mchoro wa duara kamili uwekwe chini yake kwa rangi nyingine, ili atakayekuja baadaye aone bikari ya fundi ilipita wapi na mkono wake ulipita wapi.